Milimita Moja na Nusu

Bwana Mwenyekiti, naitwa Nasubo Egesa,
mpima wa zamu ya usiku, kiwanda cha chuma, hapa hapa Kisumu.
Sikuja na hotuba.
Nimekuja na vipande viwili vya nondo
nilivyovifunga kwenye leso. Askari wa langoni
alidhani nimebeba silaha,
akanusa hata leso yenyewe.

Hiki kimeandikwa kumi na mbili. Kipimeni: kumi na mbili.
Kilizaliwa kwetu, kwa vyuma chakavu vya Kibuye na Nyalenda,
springi za lori, fremu za baiskeli,
mlango wa gari lililopinduka Awasi,
vilivyosukumwa kwa mkokoteni, vikauzwa kwa kilo
na vijana ambao jioni ile walinunua unga.

Hiki cha pili nacho kimeandikwa kumi na mbili.
Kipimeni.

Kumi na nusu.
Milimita moja na nusu imebaki ng'ambo,
au imebaki kwenye ankara, huko ambako tani mia
huandikwa sitini na forodha ikaitikia amina.
Mtasema ni unene wa ukucha.
Haya, chukueni ukucha huo, mzidishe kwa ghorofa tatu,
kwa ngazi za shule,
kwa watoto wanaoshuka mbio kengele ikilia.

"Biashara ni ushindani," amesema bwana mwenye tai aliyenitangulia.
Ndiyo. Nimelelewa na ndugu watano, najua mieleka,
najua na kubwagwa.
Lakini anayelishwa na serikali yake huko kwao,
akauza hapa kwa bei isiyolipa hata moto uliomyeyusha chuma,
akangoja tanuri letu lizime
ndipo apandishe,
huyo mgongo wake hautagusa mchanga kamwe.
Hajaingia uwanjani.

Mama yake nyanya yangu aliolewa Samia kwa majembe.
Yalifuliwa na wajomba, mvukuto wa ngozi ya mbuzi,
mawe mekundu ya mlima ule ule.
Kisha likaja jembe la meli, jepesi, linang'aa,
bei yake kikapu cha mtama, tena kisichojaa.
Watu wakalinunua. Nani awalaumu?
Mvukuto ukatundikwa darini, panya wakaumaliza.
Leo mtu akichimba viazi kule
hukuta mavi ya chuma, mazito, meusi,
huyageuza mkononi, haelewi ni nini,
huyarusha kwenye ua.

Sasa andikeni na hili, kwa kuwa nimeapa.
Mwaka jana, nikimjengea mama jiko huko Funyula,
nilinunua hiki chembamba.
Mimi, mpima. Kalipa mkobani,
nikalipa.
Tofauti ilikuwa shilingi mia mbili na themanini kwa kila nondo
na mshahara haukuwa umeingia mwezi wa pili huo
kwa sababu ya chembamba hiki hiki.
Mama hupika chini ya lenta ile. Mvua ikinyesha usiku
huwa nampigia simu, namuuliza habari za kuku.

Kwa hiyo siombi mlango ufungwe.
Nyumba isiyo na mlango wala dirisha, moshi huwamalizia ndani.
Naomba mizani pale bandarini.
Ushuru uende sawa na uongo, gramu kwa gramu.
Na mkishatulinda, mje mtupime na sisi:
tajiri wangu ameketi safu ya pili, shati la samawati,
naye asije akajifunika bendera
akaanza kupunguza.
Samahani, Bwana Shikuku. Kesho niko zamu.

Naona dakika zangu tano zimekwisha.
Vipande nawaachia hapo mezani, leso naondoka nayo.
Tafadhali karani, usivichanganye.
Kwa macho vinafanana.